Amplifaya Inavuma, Mgonjwa ni Nani?

Kama uko jikoni unapakua, kama umekwama kwenye foleni ya jioni, kama umeshajinyoosha kwenye kochi baada ya kazi, karibu. Vuta kiti tuzungumze.

Leo nawalenga wapenzi wa muziki wa nyumbani. Nyinyi wenye amplifaya ya maana sebuleni na spika mbili zilizosimama kama walinzi. Nyinyi ambao jirani akitaka kujua kama mmeamka Jumapili, haulizi, anasikiliza tu ukuta. Nyinyi mnaoujua ule mlio wa "mmmmm" unaotoka kwenye amplifaya hata kabla hamjaweka wimbo. Mchana hausikiki. Usiku watoto wakilala, unajitokeza. Unaweka taarabu ya Culture Musical Club, kanuni inaanza peke yake, taratibu, na chini yake kuna kitu kinanguruma ambacho mpigaji kanuni hakukipiga.

Mlio huo unatoka wapi? Na unaondolewaje?

Nitasema mambo matatu. La kwanza, namna ya kujua mvumo unatoka wapi hasa. La pili, kwa nini umeme wa nyumba yako unaweza kuifanya amplifaya nzima, isiyo na ugonjwa wowote, ingurume. La tatu, kuna kifaa kidogo ambacho mafundi wa muziki wanakiita kizuia DC. Tutaona kinatibu nini, na nini hakitibu. Katika yote hayo nitarudia maneno mawili, naomba uyashike: sikiliza kwanza. Kabla ya kununua, kabla ya kufungua, kabla ya kumpa fundi lawama, sikiliza kwanza.

Haya, tuanze na la kwanza.

Mvumo uko wa aina mbili, na watu wengi wanazichanganya. Kuna mvumo unaotoka kwenye spika, na kuna mvumo unaotoka kwenye boksi lenyewe la amplifaya. Ni magonjwa mawili tofauti. Dawa ya huu haitibu ule.

Utajuaje? Ni rahisi, wala huhitaji bisibisi. Zima amplifaya. Chomoa nyaya za spika. Sasa iwashe tena, sauti ikiwa chini kabisa, na usogeze sikio karibu na boksi. Usilifungue, sogeza sikio tu. Je, bado inavuma? Kama bado inavuma na spika hazipo, basi kinachovuma ni chuma kilichomo ndani, yaani transfoma. Kama boksi limenyamaza kabisa, na mvumo unarudi pale tu unaporudisha spika, basi tatizo liko kwenye njia ya sauti. Pengine kapasita za kuchuja umeme zimechoka. Pengine ni zile nyaya nyekundu na nyeupe zinazotoka kwenye televisheni au king'amuzi. Chomoa moja moja uone ni ipi ikitoka mvumo unakata. Wenye sabufa ndogo za mezani, mara nyingi kundi lenu ni hilo.

Hiyo ya spika tutaizungumza siku nyingine. Leo tuko na ile nyingine: boksi lenyewe linavuma, spika zipo au hazipo.

Sasa, kwa nini chuma kivume? Chuma hakina koo.

Mwaka 1842 Mwingereza James Prescott Joule alibaini jambo la ajabu. Kipande cha chuma ukikitia usumaku, kinabadilika urefu. Kinarefuka kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Ukiondoa usumaku, kinarudi. Basi fikiria transfoma ya amplifaya yako. Umeme unaoingia kwenye nyumba zetu hugeuka mwelekeo, unakwenda na kurudi, mizunguko 50 kila sekunde. Katika kila mzunguko usumaku unapanda kileleni mara mbili, mara moja upande huu, mara moja upande ule. Na chuma hakijali ni upande upi. Kinanyooka mara zote mbili. Hesabu mwenyewe: mizunguko 50, mara mbili, ni mitikisiko 100 kwa sekunde. Hiyo ndiyo sauti unayoisikia. Kama wewe ni mpiga gita la besi, pima: ni karibu sawasawa na ule waya wake mwembamba ukipigwa wazi, bila kukandamizwa.

Kwa hiyo kila transfoma inavuma. Hakuna isiyovuma. Tofauti ni kwamba iliyotengenezwa vizuri, ikilishwa umeme ulionyooka, inavuma kwa sauti ndogo kiasi kwamba ukikaa kwenye kochi huisikii. Tunachokitafuta leo ni kwa nini ile iliyokuwa kimya jana, leo inanguruma.

Hapo tunaingia kwenye jambo la pili, na hili ndilo kiini cha mazungumzo yetu.

Amplifaya nyingi nzuri zina transfoma ya umbo la pete, nene, yenye tundu katikati, na boliti moja kubwa inayopita kwenye tundu hilo. Mafundi wanaiita toroidi. Transfoma za zamani za pembe nne hupangwa kwa vipande vya bati vilivyokatwa kwa umbo la herufi E na I, halafu vikaunganishwa. Pale vinapokutana hubaki nafasi nyembamba za hewa. Toroidi haina maungio. Ni utepe mmoja wa chuma uliozungushwa mwanzo hadi mwisho. Uzuri wake ni mwingi: ni ndogo kwa nguvu inayotoa, haimwagi sana usumaku pembeni, na ikiwa na afya ni kimya. Lakini ina udhaifu mmoja. Haivumilii kabisa umeme usiogeuka, ule wa betri, tunaouita DC.

Unaniuliza, DC inatoka wapi kwenye soketi ya ukutani? Si pale tunapata AC, umeme unaokwenda na kurudi? Ndiyo. Lakini wakati mwingine kwenda na kurudi hakulingani. Upande mmoja unazidi kidogo. Ile ziada ya upande mmoja, ukiitenga peke yake, ni DC.

Hebu nikupe mfano. Mfikirie mtu anayetembea huku na huku kwenye ukumbi mwembamba kati ya kuta mbili. Hatua tano kwenda, hatua tano kurudi. Ukumbi umepimwa kwa hatua zake, kwa hiyo kila akikaribia ukuta anageuka bila kuugusa. Sasa kila safari msukume kidogo upande wa kulia. Hatua zake ni zilezile tano, ila mahali anapoanzia pamesogea. Kitatokea nini? Kila akienda kulia atajigonga ukutani. Kushoto hana tatizo. Kulia, kila mara, pu! Ndivyo usumaku unavyofanya ndani ya toroidi. DC inausogeza upande mmoja, na upande huo chuma kinashiba. Kikishashiba hakiwezi kubeba usumaku zaidi. Transfoma inaanza kuvuta umeme kwa mikupuo mikali, mkupuo mmoja kila mzunguko, na ule mvumo mpole wa "mmmmm" unageuka kuwa "grrrrr".

Kiasi gani cha DC kinatosha kuleta vurugu hiyo? Hapa ndipo watu wanaposhangaa. Nusu voti tu. Umeme wenyewe ni voti 230 Tanzania, 240 Kenya, na nusu voti inakukosesha raha. Sababu ni kwamba DC ikiingia kwenye transfoma haikutani na upinzani wa usumaku. Inakutana na ukinzani wa waya wa shaba peke yake, ambao kwenye toroidi kubwa unaweza kuwa omu 2 tu. Nusu voti ukiigawa kwa omu 2, unapata robo ampia. Nayo toroidi nzuri, ikiwa imekaa tu bila kazi, inahitaji sehemu ndogo tu ya hapo kuufanya usumaku wake wote. Umeona? Kinachoonekana kidogo kwetu, kwake ni mzigo.

Sasa tumtafute anayeleta hiyo DC. Ni nani?

Waswahili wamesema kikulacho ki nguoni mwako. Mara nyingi DC haitoki mbali kwenye mitambo ya umeme. Inatoka ndani ya nyumba yako, au kwa jirani mliyechangia naye waya.

Twende Sinza, Dar es Salaam, kwenye nyumba ya kupanga kama zile nyingi za pale. Luku moja, wapangaji kadhaa, na mbele kuna fremu ya saluni. Wewe uko chumba cha nyuma na amplifaya yako. Dada wa saluni ana draya ya nywele ya mkononi yenye swichi ya ngazi mbili. Akiweka namba mbili, moto wote, amplifaya yako iko kimya. Akiweka namba moja, moto mdogo, amplifaya inaanza kunguruma. Ajabu, sivyo? Draya ikivuta umeme mwingi kuna utulivu. Ikivuta kidogo kuna kelele.

Kuna siri ndani ya ile swichi. Draya nyingi, ili zipunguze joto kwa gharama ndogo, huweka dayodi moja kwenye namba moja. Dayodi ni mlango wa njia moja. Inaruhusu nusu ya mzunguko ipite na nusu nyingine inaifungia. Joto linapungua kweli, lakini sasa draya inavuta umeme upande mmoja tu. Ni kama ampia 2 za DC zinapita kwenye waya mnaouchangia, kutoka kwenye nguzo, kupitia luku, hadi mahali njia zenu zinapoachana. Waya huo ukiwa mwembamba, ukiwa mrefu, viungo vyake vikiwa vimelegea au vimeshika kutu, ukinzani wake wa robo ya omu unatosha kuzaa ile nusu voti. Ikifika kwenye toroidi yako, kazi inaanza.

Na draya siyo mshtakiwa pekee. Bunduki ya hewa moto ya mafundi inaweza kufanya hivyohivyo kwenye moto mdogo. Swichi za kupunguza mwanga wa taa, zikiwa za bei rahisi au zimeanza kufa, zinaweza kukata upande mmoja wa mzunguko kuliko mwingine. Kwa ufupi, kifaa chochote kinachovuta umeme upande mmoja kuliko mwingine kinaacha DC nyuma yake.

Sasa msikilizaji, fikiria kinachofuata. Umechoka na mngurumo. Unaibeba amplifaya, nzito kama gunia la saruji, unaipeleka kwa fundi mtaa wa pili. Fundi anaichomeka kwake. Kimya! Anaiacha imewaka mchana kutwa. Kimya! Anakwambia, "Kaka, hii nzima." Unairudisha nyumbani, jioni inanguruma tena. Unaanza kumshuku fundi, au fundi mwenye njaa anakuambia transfoma imekufa, lete hela tubadilishe. Inabadilishwa, na mngurumo uko palepale. Kwa nini? Kwa sababu umeme wa fundi siyo umeme wako. Kwake hakuna saluni kwenye waya ule. Amplifaya haikuwa mgonjwa tangu mwanzo.

Ndiyo maana nasema: sikiliza kwanza. Sikiliza kwa siku chache. Mvumo unakuja na kuondoka? Unakuja saa zipi? Nani amewasha nini saa hizo? Zima vitu vya ndani kimoja kimoja, wewe mwenyewe, kwa swichi zake, huku mwenzako amekaa karibu na amplifaya. Waombe majirani kwa lugha nzuri wakusaidie kwa dakika tano. Mvumo ukikatika pale draya inapozimwa, umempata mtuhumiwa bila kufungua hata skrubu moja.

Lakini ngoja, tusiwe na haraka ya kuhukumu. Kuna mvumo wa boksi usiohusiana na DC hata kidogo. Nitaupitia upesi.

Wa kwanza ni umeme uliozidi. Amplifaya iliyotengenezwa kwa voti 220, ikalishwa 240 au zaidi usiku wa manane wakati mitaa imezima mizigo yake, chuma chake kinafika karibu na kushiba pande zote mbili. Itavuma usiku na kutulia jioni. Hapo DC haina kesi.

Wa pili ni zile amplifaya zilizokuja kutoka Marekani, za kule peke yake. Wao umeme wao ni herzi 60, wetu 50. Ukitafuta transfoma ya kupunguza voti unatatua voti, lakini herzi hujazigusa. Chuma kilichopimwa kwa herzi 60, kikifanya kazi kwa 50, kinabeba usumaku zaidi kwa asilimia 20. Kinavuma, na kinapata moto. Hiyo tena siyo DC.

Wa tatu ni inveta. Umeme ukikatika unahamia kwenye betri na inveta, na ghafla amplifaya inapiga kelele za nyuki. Inveta za bei rahisi hazitoi wimbi laini, zinatoa wimbi la ngazi ngazi lenye kona kali. Kizuia DC hakiwezi kulainisha kona hizo.

Wa nne ni ile boliti ya katikati. Ikilegea, transfoma inacheza juu ya sahani ya chini na boksi zima linaimba. Fundi anaweza kuikaza na kuweka raba mpya. Ila kuna mtego hapa ambao fundi yeyote wa toroidi anapaswa kuujua: kichwa cha boliti hiyo kisiguse kamwe mfuniko wa juu wa chuma. Kikigusa, boliti, mfuniko na boksi vinafanya kitanzi kimoja kinachopita kwenye tundu la transfoma, na kitanzi hicho kinavuta umeme mkubwa mno. Fyuzi itakatika ukiwa na bahati. Usipokuwa na bahati, transfoma itaungua.

Basi tumebaki na mwenye kesi ya DC. Umesikiliza, umehakikisha, mvumo unakuja na draya na kuondoka na draya. Saluni huwezi kuifunga, ni riziki ya mtu. Ufanyeje?

Hili ndilo jambo letu la tatu: kizuia DC.

Ni kifaa kinachokaa kati ya soketi ya ukutani na amplifaya. Kazi yake ni kuruhusu umeme unaokwenda na kurudi upite, na kuuzuia ule wa upande mmoja. Ndani yake hakuna uchawi. Kuna kapasita mbili kubwa, zimeungwa moja baada ya nyingine, hasi kwa hasi, kwenye njia ya waya mmoja. Kapasita kwa tabia yake inapitisha AC na kuikataa DC. Zimewekwa mbili, zikitazamana, kwa sababu kapasita za aina hii zina upande wa chanya na upande wa hasi, na umeme wetu unageuka kila wakati.

Sambamba na kapasita hizo kuna dayodi, mara nyingi zile nne zinazouzwa pamoja kama briji moja, zilizopangwa ili umeme uweze kupita pande zote mbili pale voti inapofika moja na ushee. Za nini? Sikiliza hapa vizuri. Toroidi kubwa ukiiwasha, kwa kufumba na kufumbua inavuta makumi ya ampia. Kapasita zetu ni za voti ndogo, 16 au 25. Zikiachwa peke yake wakati huo, zitavimba na kupasuka. Dayodi zinafungua njia ya pembeni, mkupuo unapita, kisha zinafunga, na kapasita zinaendelea na kazi yake. Hata ikitokea shoti ndani ya amplifaya, dayodi ndizo zinazobeba mkondo mpaka fyuzi ikatike. Kwa hiyo briji lazima iwe kubwa, ya ampia 35 siyo nyingi, na lazima iishi muda mrefu kuliko fyuzi.

Kapasita nazo ziwe na ukubwa gani? Maikrofaradi 10,000 hadi 22,000 kila moja ndiyo kawaida kwa amplifaya ya nyumbani. Mbona kubwa hivyo? Kwa sababu zikiwa ndogo, umeme wa kawaida wa amplifaya wenyewe unapopita juu yake unazaa voti nyingi, dayodi zinafunguka kila mzunguko, na dayodi zikiwa wazi DC nayo inapita. Kizuizi kipo kwenye boksi, taa yake inawaka, lakini hakizuii kitu. Umenunua pambo. Wauzaji wa Luthuli Avenue kule Nairobi na wa Kariakoo wana kapasita za kila ukubwa. Fundi asikupunguzie ukubwa kwa kuokoa shilingi chache.

Baadhi ya viwanda vya amplifaya huweka sakiti hii ndani kabisa tangu mwanzo. Kwa hiyo kabla ya kununua cha nje, mwambie fundi aangalie kama yako tayari inacho. Pengine inacho, na kapasita zake zimekauka kwa uzee.

Sasa naomba usikivu wako wote, maana hapa kuna maisha ya watu.

Kapasita imeandikwa voti 25. Mtu anaiona, anasema, "Aa, voti 25 haiui." Ndugu yangu, hiyo 25 ni tofauti kati ya mguu wake mmoja na mwingine. Kapasita nzima imekaa kwenye waya wa moto. Ukiigusa huku umesimama sakafuni, unazozigusa ni zile voti 230. Kifaa hiki siyo kazi ya kujifunzia nyumbani Jumamosi. Kinatengenezwa na fundi anayejua umeme wa ukutani, ndani ya boksi lililofungwa, lenye fyuzi yake mbele, waya umebanwa usichomoke.

Na ethi? Waya wa ethi unapita moja kwa moja kutoka plagi hadi amplifaya. Haukatwi, haupitishwi kwenye kapasita, haupitishwi popote. Najua kuna watu wanaokata ule mguu wa ethi kwenye plagi kwa sababu mvumo uliisha walipoukata. Kwanza, mvumo unaoisha ukikata ethi ni ule wa spika, siyo wa transfoma. Umetibu ugonjwa mwingine. Pili, siku waya wa moto utakapogusa boksi ndani, hakuna cha kuikatisha fyuzi. Kitakachobaki kati ya umeme na sakafu ni mkono wa mtoto anayebonyeza swichi. Usikate ethi. Narudia, usikate ethi.

Swali la mwisho, ambalo najua mpenzi wa muziki analo kichwani: kizuia DC kitafanya muziki uwe mtamu zaidi? Besi izame, sauti ziachane? Wapo wauzaji watakaokuapia hivyo. Mimi nakwambia, kinunue kwa kazi moja tu: boksi linanguruma, na umehakikisha DC ndiyo sababu. Kikifanya kazi utajua ndani ya sekunde moja baada ya kukichomeka wakati draya iko namba moja. Usiposikia tofauti kwenye boksi, kirudishe dukani na hela yako uirudishe mfukoni. Na kama amplifaya yako ni ya kisasa, ile nyepesi unayoinua kwa mkono mmoja, isiyo na transfoma kubwa ya chuma ndani, basi kifaa hiki hakikuhusu kabisa.

Muda unanibana, msikilizaji wangu, kwa hiyo tukusanye tulichokisema.

Moja, tenga mvumo wa spika na mvumo wa boksi. Chomoa spika, sogeza sikio.

Mbili, kama ni boksi, angalia unakuja na nini. Ukija na kuondoka, mtafute anayevuta umeme upande mmoja: draya kwenye moto mdogo, swichi ya taa, bunduki ya hewa moto. Ukija usiku wa manane tu, shuku voti zilizozidi. Ukija na inveta, shuku inveta. Ukiwepo saa zote, mahali popote, hata kwa fundi, hapo sasa transfoma na boliti yake zikaguliwe.

Tatu, kizuia DC ni dawa ya ugonjwa mmoja. Kwa ugonjwa huo inatibu vizuri sana. Kwa mengine yote ni hela iliyopotea.

Na kama nyaya za nyumba yenu ni nyembamba na viungo vimelegea, mwambieni mwenye nyumba. Waya mzuri unapunguza DC kwa wapangaji wote, na unapunguza hatari ya moto pia. Hilo lina faida hata kwa asiyepiga muziki.

Kazi ya nyumbani ya wiki hii ni karatasi na kalamu. Andika saa mvumo ulipoanza, saa ulipokatika, na nini kilikuwa kimewashwa. Siku ukienda kwa fundi, mpelekee karatasi hiyo kwanza, amplifaya iache nyumbani. Fundi mzuri ataisoma na kukuuliza maswali. Atakayeitupa pembeni na kukutajia bei ya transfoma mpya kabla hajaja kusikiliza kwako, mshukuru, mpe mkono, uende kwa mwingine.

Tukutane tena wiki ijayo, saa kama hii, tuzungumzie ule mvumo wa spika na zile nyaya za king'amuzi. Mpaka wakati huo, muziki mwema, na kwaherini.